Shangazi, timu yangu imefungwa mara 324 kwa misimu mitatu, sasa mwanangu anataka kuhamia Cubs

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua itakuwa ndefu na najua wengine humu wanaandika mambo ya ndoa kuvunjika na mashamba kudhulumiwa, mi naandika mambo ya mpira, tena sio hata mpira wa miguu. Ila nyumbani kwangu sahivi watu hawaongei na sababu ni besiboli, kwahiyo naomba unisikilize hivo hivo.

Mi mtoto wa Mbagala, nina miaka 42, niko Chicago tangu 2013. Naendesha foklifti kwenye ghala moja huku kusini mwa jiji. Mke mmoja, watoto wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka 11. Nilipofika hapa nilikuwa naona besiboli ni watu wazima kusimama kwenye majani wakitafuna mbegu za alizeti, nikawa nawacheka. Sasa pale kazini kuna mzee mmoja mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku huku kusini, alikuwa na redio yake ndogo anaiweka juu ya maboksi, kila siku White Sox, maana hawa wanacheza mechi 162 kwa msimu yaani karibu kila siku ya Mungu. Kidogo kidogo nikaanza kuuliza, huyu ni nani, kwanini katolewa, mara nikajikuta na mimi nanunua kofia. Af wa kusini ni Sox, wa kaskazini ni Cubs, na hawapendani, mi shabiki wa Yanga tangu tumboni nikaielewa hiyo habari bila mkalimani.

Desemba 2016 nikaingia kazini nakuta mzee kanuna. Wamemuuza Chris Sale, mrushaji wetu bora kabisa, wamempeleka Boston wakachukua vijana wanne ambao nilikuwa siwajui hata mmoja. Kesho yake wakamtoa Adam Eaton. Mwaka uliofuata wakamtoa Quintana, tena wakampeleka kwa Cubs! Mzee akanieleza huku wanaita kujenga timu upya, unauza wakubwa unachukua watoto, unafungwa miaka kadhaa kwa makusudi ili upate chaguo la juu kwenye drafti, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya, watoto wakiiva unachukua ubingwa. Nikamwambia mzee, kwetu timu ikifungwa hivo inashuka daraja, inaenda kucheza viwanja visivyo na majani, hapa mnaipa zawadi? Akacheka akasema subiri utaona.

Basi tukasubiri. 2018 tukafungwa mechi 100. Sikujali, nilikuwa nahesabu watoto. Moncada, Giolito, Eloy, baadae Luis Robert, Tim Anderson. Na kweli 2020 tukaingia mtoano, 2021 tukashinda mechi 93 tukawa mabingwa wa kundi letu. Shangazi ule mwaka nilikuwa naenda uwanjani na mwanangu begani, alikuwa na miaka 6, na ndo mwaka niliokata kifurushi cha tiketi cha mechi 20 kwa kadi ya mkopo, nikamwambia mama yake hii ni urithi wa mtoto. Houston wakatutoa 3-1. Nikasema si mbaya, mwakani.

Mwakani tukashinda 81 tukafungwa 81. Mwaka uliofuata, 2023, tukafungwa 101. Wakafukuza mabosi wawili walioijenga ile timu, halafu wakampandisha aliyekuwa chini yao, Chris Getz. Unafukuza mpishi unamweka msaidizi wake, sufuria ile ile. Na huyo akatangaza nini? Tunajenga upya.

2024 sijui nianzie wapi. Tulifungwa mechi 21 mfululizo, kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5. Ishirini na moja! Mke wangu alikuwa ananiuliza asubuhi, hao masoksi wako wameshinda? baadae akaacha kuuliza, ndo ikaniuma zaidi. Kocha akafukuzwa siku mbili baada ya kuvunja mkosi, yaani kama mtu anasubiri mgonjwa apate nafuu ndo amfukuze. Mwisho wa msimu tukawa tumefungwa 121, hakuna timu imewahi kufungwa hivo tangu mwaka 1900, tuliipita Mets ya 1962. Mwaka huo huo Chris Sale yule yule, yuko Atlanta sahivi, akapewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao. Nilikuwa nakula nikaona hiyo habari nikaweka kijiko chini.

Af hata hiyo zawadi ya kufungwa hatukupata. Kuna sheria kwamba timu ya mji mkubwa haiwezi kuchagua juu kwenye bahati nasibu ya drafti miaka miwili mfululizo, kwahiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ikachagua ya 10. Niambie kama sio kurogwa. 2025 tukafungwa 102. Hadi Papa mpya Leo ni shabiki wetu, mtu wa huku huku, na bado tunafungwa, sasa mi nimwombe nani.

Haya shida yenyewe sasa. Cubs mwaka jana walishinda 92 wakaingia mtoano, shuleni kwa mwanangu watoto wote kofia za bluu. Wiki tatu zilizopita tunakula, dogo akasema taratibu, baba mi nataka kuwa Cubs. Nikamuuliza kisa? Akasema tu kwa kina rafiki yake baba zao wanacheka wakiwa wanaangalia mechi. Nikawaka. Nikamwambia kofia ya Cubs haiingii kwenye nyumba hii, ukitaka kwenda Msimbazi kwa Simba beba begi kabisa. Alikuwa hata hajui Msimbazi ni nini. Akanyanyuka akaenda kulala na mpaka leo ananijibu ndio na hapana. Mama yake anasema timu ikifungwa unatununia sisi, sisi tumewafunga? Kwenye mlango wa friji bado kuna karatasi ya dogo aliyokuwa anahesabia homurani (mpira unapigwa mpaka unatoka nje ya uwanja) za kijana wetu Colson Montgomery, vijistari 21, nikiiona nasikia uchungu nataka kuing'oa.

Na kuna jingine. Baada ya ule mwaka wa 121 nilimwahidi mke wangu sitokata tena kifurushi. Nilikata. Mwaka jana na mwaka huu. Hajui. Ni kama dola 900 hivi kila mwaka, kwenye kadi yangu.

Maswali yangu. Nimruhusu mtoto ahamie? Na je mi ni mjinga kuamini huu ujenzi mara ya pili? Maana ukweli ni kwamba bado naamini, ndo kinachoniudhi.

Ni mimi, Mwananchi wa Kusini


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, Mwananchi wa Kusini.

Umebahatika umeniandikia mimi maana wangekujibu wengine wangekwambia acha mpira tafuta hela. Mimi niko Minneapolis tangu 1999, nimelea wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee miaka ishirini na kitu, na wazee wa huku jioni unawafungulia nini? Twins, timu ya huku. Nimeinua watu kitandani, nimewapa dawa, nimewafunga vishikizo, TV iko Twins. Nilikuwepo 2001 wenye ligi walipotaka kuifuta kabisa hii timu, isiwepo, mpaka mahakama ikaingilia. Nilikuwepo tulipofungwa mechi 18 za mtoano mfululizo, kuanzia 2004 mpaka tukaja kushinda moja Oktoba 2023, kuna wazee wangu watatu walifariki katikati hapo hawajaiona hiyo moja. Na mwaka jana Julai tajiri wetu kauza karibu nusu ya timu kwa siku chache, halafu tuliokuwa tunaomba auze timu yenyewe tukaambiwa wamebadili mawazo, haiuzwi. Kwahiyo ukija kwangu na habari ya kununa, vua viatu, uko kwa wenyewe.

Nianze na hili la ujenzi maana ndo umeliandikia kurasa nzima, halafu mtoto ukampa aya moja. Nimeliona hilo, ntarudi.

Kujenga timu kwa kufungwa sio utapeli na sio ahadi. Houston unayoichukia, iliyowatoa 2021, ilifungwa 106, ikafungwa 107, ikafungwa 111, miaka mitatu hiyo 2011 mpaka 2013, watu walikuwa wanawacheka kwenye TV, 2017 wakachukua kombe (na wizi wa ishara za wapinzani juu yake, tuache). Cubs wa mwanao walifungwa 101 mwaka 2012, wakachukua 2016 baada ya miaka 108. Sasa ukigeuza upande wa pili kuna Pittsburgh, walikaa misimu 20 mfululizo kuanzia 1993 wanafungwa kuliko kushinda, na kila bosi aliyekuja alikuwa na vijana wake na mpango wake. Vijana wazuri wapo kila mahali. Mimi nimejifunza kuangalia kitu kimoja tu, vijana wakishaiva, yaani ugali uko mezani unatoa moshi, mwenye nyumba ananunua mboga au anasema kuleni na chumvi?

Cubs, Desemba 2014, watoto wao wanakaribia kuiva, wakamchukua mrushaji Jon Lester kwa dola milioni 155. Mboga hiyo. Nyie mlifika pale pale mwanzoni mwa 2019, watoto wako tayari, nyota Manny Machado yuko sokoni. Unakumbuka tajiri wenu, mzee Reinsdorf, alifanya nini? Walimsajili shemeji yake! Yonder Alonso, kaka wa mke wa Machado, na rafiki yake Jon Jay wakamchukua pia, ili kumlainisha mwenyewe. Yaani mtu anakuja kuposa, kamhonga shemeji, kaleta mshenga, kashona suti, ikafika kwenye mahari anasema ana pungufu. San Diego wakaweka milioni 300 mezani, binti kaondoka. Na San Diego hao hao ndo mlikuwa mmewapa Fernando Tatis Mdogo mwaka 2016, kijana wa miaka 17, mkachukua mrushaji aliyekuwa anaelekea kuzeeka. Mpaka leo nnavyokuandikia mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya White Sox ni wa Benintendi, milioni 75, nusu ya Lester haifiki. Klabu ya mji wa tatu kwa ukubwa Marekani nzima.

Halafu timu imeiva, 2020, kinachohitajika ni kocha wa kuwaendesha vijana, tajiri akaenda kumtoa Tony La Russa mapumzikoni akiwa na miaka 76 kwa sababu alijuta kumwachia afukuzwe miaka ya themanini. Mimi nawapenda wazee, nimekula mkate kwa ajili yao. Lakini ile haikuwa ajira, ilikuwa msamaha.

Kwahiyo mara ya kwanza hukuwa mjinga. Vijana mlikuwa nao kweli na waliiva kweli. Wengine wakaumia umia, sikatai, Eloy na Robert walikuwa wanaishi hospitali, ila nyumba ilikosa mboga na mwenye hela alikuwa sebuleni. Ukitaka kununa, nuna hapo, usiwanunie vijana na wala usijinunie mwenyewe.

Sasa mara hii ya pili. Ntakwambia ninachokiona kutoka huku jirani maana tunacheza na nyie mara nyingi kwa mwaka. Walivyomuuza Garrett Crochet Desemba 2024 nilidhani ni yale yale ya Sale, Boston tena jamani, utadhani wana mkataba. Na kweli Crochet kawaka kule, mechi 18 kashinda, kawatoa wapigaji 255 kwa straiki. Lakini mliopata sio hewa, Kyle Teel ni mdakaji haswa, Meidroth ana jicho. Na huyo Montgomery wa kwenye friji yako, unaijua habari yake yote? Mwaka jana Aprili alikuwa ligi ya chini na hapigi kitu, chini kabisa ya mategemeo, wakamwondoa kwenye timu wakampeleka Arizona akae na walimu wamrekebishe namna ya kupiga. Mtu mwingine wangeshasema kafeli. Julai akapandishwa, mechi 71 homurani 21. Hilo la kumtoa mtoto pembeni ukamfundisha badala ya kumzomea, zamani kwenu halikuwepo. Na safari hii bahati nasibu imewaangukia, drafti ya 2026 mnachagua wa kwanza. Na mmemleta yule Mjapani Murakami, aliyepiga homurani 56 kwao mwaka 2022, miaka miwili kwa milioni 34. Ni mboga ndogo, dagaa, ila ni mboga.

Lakini tajiri ni yule yule. Kaichukua timu 1981, kazaliwa 1936. Kuna makubaliano yalitangazwa mwaka jana kwamba mwekezaji Justin Ishbia anaweza kuichukua kuanzia 2029, na hapo ni mzee mwenyewe akiamua, asipoamua mpaka baada ya msimu wa 2034 ndo Ishbia ana haki ya kununua. Mwanao 2029 atakuwa na miaka 14 au 15. 2034 yuko chuo. Hesabu hiyo uifanye wewe kwenye karatasi kabla hujaniambia unaamini. Kuamini vijana sawa, mimi mwenyewe namwamini Montgomery na ananipigia timu yangu. Kuamini kwamba siku wakiiva wote mtaongezewa wa kuwamalizia kazi, hiyo mimi ningeiweka kiporo mpaka niione kwa macho.

Nafikiri unalijua hili kwa sababu wewe ni Yanga. Mlikaa misimu minne Simba anabeba tu, 2017/18 mpaka 2020/21, kocha Zahera anatembeza bakuli mashabiki mchange wachezaji wapate mishahara, watani wanawaimbia bakuli mpaka harusini. Mlitoka vipi? Aliingia mtu na hela akanunua wachezaji, mkabeba minne na nyie. Kule mlijenga kwa kununua. Hawa wa kwako wanajenga kwa kungoja, na ngoja ngoja huumiza matumbo, ila na hapa nikusahihishe kidogo, usiseme wanafungwa kwa makusudi. Wachezaji hawafungwi makusudi. Usiku ule wa Septemba 24, 2024, mmefungwa 120 tayari, watu wamejazana wamekuja kushuhudia ya 121 na wanamwimbia tajiri auze timu, wale vijana wakiwa nyuma wakapata pointi tatu raundi ya nane wakashinda 3-2. Wakawafagia Angels mechi zote tatu. Ya 121 ikaja Detroit, halafu mbili za mwisho wakashinda. Hakuna aliyekuwa anawalipa kwa ajili ya hizo. Hilo ndo la kumhadithia mtoto, we ulimhadithia? Au ulikuwa umeweka kijiko chini?

Haya, mtoto.

Soma barua yako mwenyewe. Ulimuuliza kisa cha kuhamia Cubs ni nini. Hakukwambia wanashinda. Hakukwambia wana wachezaji wazuri. Alikwambia baba za wenzake wanacheka wakiangalia mechi. Wewe ukaandika "akasema tu". Hiyo "tu" imenikaa kooni tangu juzi. Mwanao hahami timu baba, anahama uso wako. Ana miaka 11, tangu akiwa na miaka 8 kila jioni ya kiangazi anakaa na mtu ambaye kanuna mpaka kulala, mara 324 kwa misimu mitatu umesema mwenyewe kwenye kichwa cha barua, yeye hazihesabu hizo kama mechi, anahesabu ni jioni. Na bado kabandika karatasi kwenye friji akahesabu 21 bila kukosea! Timu imefungwa 102, yeye katafuta kijana mmoja anayempa furaha akamwekea nyota. Huyo ndo shabiki. Wewe ndo unataka kuing'oa. Uking'oa hiyo karatasi usiniandikie tena.

Unauliza umruhusu? Mwanangu, ruhusa ya nini. Watu wamehama dini, wamehama nchi, wewe mwenyewe umehama Mbagala na kwenu hakuna aliyekwambia beba begi. Kama anataka Cubs ataenda Cubs, akinyimwa kofia ataificha kwenye begi la shule ataivaa njiani kama tulivyokuwa tunaficha sketi fupi. Nafikiri lakini hataki. Nafikiri anataka baba anayecheka. Nina mzee mmoja nilimlea, mstaafu wa posta, Twins wakifungwa alikuwa anafunga macho anasema kwa sauti "haya tuone nani kacheza vizuri", anataja mmoja, kila siku mmoja, hata siku ambazo hakuna alikuwa anataja mtu wa kumwagilia majani. Wajukuu zake walikuwa wanakuja makusudi kusikia leo atataja nani. Jaribu. Huhitaji kujifanya una furaha, watoto wanajua, taja mmoja tu.

Na umwombe radhi kuhusu begi. Kwa Kiswahili au kwa kiingereza chochote anachoelewa vizuri, ila umwambie Msimbazi ni nini pia, mchekeshe, mwambie babu yake alikuwa hapiti ile barabara. Halafu mwache aende hata mechi moja ya Cubs na hao rafiki zake, nauli mpe wewe. Akirudi muulize nani kacheza vizuri. Utajisikia vibaya siku hiyo nakuhakikishia, mimi mwanangu wa pili ni Yankees, Yankees mwanangu, waliotutoa sijui mara ngapi, na tunakula Krismasi meza moja.

Ukitaka mahali pa kumpeleka wewe mwenyewe bila presha, angalieni hao vijana wa chini. Birmingham, timu yenu ya daraja la pili kutoka juu kwenye ligi za chini, wanashinda wale. Ndo timu aliyochezea Michael Jordan 1994 alipoacha kikapu, mwambie hiyo dogo, Jordan mwenyewe alikuwa anapata kama mara mbili tu katika kila mipira kumi anayojaribu kupiga na alikuwa anapanda basi na watoto. Mechi zao unaangalia kwenye simu, mnakaa mnabishana nani atapanda. Huko ndo ujenzi unapofanyika, uwanjani kwenu pale mtaa wa 35 mnaona paa tu.

Imebaki dola 900. Hapa sina utani. Ulimwahidi mkeo ukavunja, mara mbili, na mzee Reinsdorf hakukushikia kalamu. Unamlaumu tajiri kwamba hatoi hela panapotakiwa, wewe unatoa pasipotakiwa halafu unaficha, sijui nani mwenye afadhali. Ukiniuliza mimi, kifurushi cha mechi 20 kwa timu inayofungwa 100 ni wewe unayemlipa huyo tajiri aendelee kungoja, kiti chako ni kura na umempigia yeye. Tiketi za siku moja moja kwa timu mbovu zinapatikana tena kwa bei ya chini, nenda mara nne kwa mwaka na familia nzima, mkeo achague tarehe, anunuliwe na yeye nachosi zake kwenye ile helmeti ya plastiki. Hizi za mwaka huu kama umeshalipa uza unazoweza, bakiza chache.

Ila kwanza umwambie. Leo, kabla hujaongea na mtoto, kabla ya kula. Maana mwanamke anayeulizaga kila asubuhi masoksi wako wameshinda, siku akiacha kuuliza sio kwamba kasahau timu, ameanza kusoma stetimenti za benki, na huo mtoano baba ukitolewa hakuna drafti.

Shangazi